Kusomea Muziki Marekani: Chuo cha Sanaa Huria, Chuo chenye Konsavatori, au Konsavatori Peke Yake?

Kijana aliyemaliza kidato cha sita, ambaye amepiga kinanda kanisani tangu utotoni na ana daftari lililojaa nyimbo alizotunga mwenyewe, akitaka kwenda kusomea muziki Marekani hukutana kwanza na fujo ya majina. Vyuo ni vingi, shahada zinafanana kwa mbali, na kila tovuti ina picha ya binti anayepiga selo chini ya mti wenye majani mekundu. Makala haya yanalinganisha njia tatu ambazo waombaji kutoka kwetu huzichanganya zaidi.

Njia ya kwanza ni chuo cha sanaa huria. Ni vyema kuondoa utata mapema: neno huria hapa halihusiani na Chuo Kikuu Huria wala na kusoma kwa masafa. Hiki ni chuo kidogo cha bweni, mara nyingi chenye wanafunzi kati ya elfu moja na elfu tatu, ambapo mwanafunzi husoma masomo mengi tofauti kwanza, kisha huchagua somo lake kuu kwa kawaida mwishoni mwa mwaka wa pili. Amherst na Williams katika jimbo la Massachusetts, Swarthmore katika Pennsylvania, Pomona katika California na Wesleyan katika Connecticut ni vya aina hii, na vyote vina idara ya muziki inayofundisha kupiga, kuimba na kutunga.

Njia ya pili ni chuo cha sanaa huria chenye konsavatori ndani yake, yaani shule kamili ya wanamuziki inayokaa uwanja mmoja na chuo cha kawaida. Oberlin ya Ohio, iliyoanzishwa 1833 na kupata konsavatori yake 1865, ndiyo inayotajwa zaidi. Lawrence iliyoko Appleton, Wisconsin, ilifungua yake 1874, na Bard katika jimbo la New York ni mgeni aliyeingia 2005. St. Olaf ya Minnesota nayo naiweka hapa, kwa sababu hutoa shahada ya aina zote mbili, ile ya chuo cha kawaida na ile ya konsavatori, na kwaya yake, iliyoundwa 1912, inajulikana kotekote nchini humo.

Njia ya tatu ni konsavatori inayosimama peke yake, kama Juilliard ya New York, Curtis ya Philadelphia au New England Conservatory ya Boston, ambako karibu kila unayekutana naye kwenye ngazi amebeba ala.

Vigezo vya kulinganisha

Nitazitazama njia zote tatu kwa vigezo vitano: saa za wiki zinazobaki kwa ajili ya ala au sauti yako, mazingira ya mtunzi, mlango wa kuingilia, fedha pamoja na masharti ya viza, na kinachofuata baada ya kuhitimu. Umaarufu wa jina sikuuweka, kwa makusudi. Jina kubwa humfurahisha mjomba anayelitangaza harusini, lakini halimwambii mwanafunzi atapiga ala yake saa ngapi kwa siku wala atafundishwa na nani.

Saa za wiki

Tofauti kubwa imefichwa katika herufi za shahada. Ile iandikwayo BA, ambayo ndiyo ya vyuo vya sanaa huria, huutengea muziki takribani theluthi moja ya masomo yote ya miaka minne. Iandikwayo BMus, ambayo ndiyo ya konsavatori, huutengea takribani theluthi mbili au zaidi. Katika chuo cha sanaa huria mwanafunzi anaweza kuwa na nadharia ya muziki asubuhi, maabara ya biolojia mchana na mazoezi ya kwaya jioni, huku somo lake la ana kwa ana na mwalimu wa ala likiwa la saa moja, mara moja kwa wiki. Akipata saa mbili za mazoezi ya peke yake katika siku kama hiyo, amejitahidi. Mwenzake wa konsavatori anatarajiwa kufanya saa nne au tano, na ratiba imepangwa ili aweze.

Si kwamba chuo cha sanaa huria hakina nafasi za kupiga. Zipo, na mara nyingi humfikia mtu kwa urahisi zaidi, kwa sababu okestra ya chuo humpokea mpiga fidla mzuri anayesomea uchumi, na kikundi cha jazi humpokea anayesomea fizikia. Kwa mwimbaji hili ni faida tupu, kwani sauti ya miaka kumi na minane bado inakua na haifai kulazimishwa saa tano kwa siku. Kwa mpiga fidla au piano anayetaka kiti katika okestra ya kulipwa, kusema kweli, ni hasara: mikono ya ala hizo hutengenezwa mapema, na wale atakaoshindana nao wako konsavatori wakirudia ukurasa uleule kwa wiki ya tatu.

Chuo chenye konsavatori hujaribu kuziunganisha hali hizi mbili kwa mpango wa shahada mbili kwa pamoja, ambao huchukua miaka mitano. Oberlin na Lawrence huuacha uwe hiari. Bard imeufanya kuwa lazima: kila mwanafunzi wa konsavatori ya shahada ya kwanza husomea pia shahada ya pili katika fani isiyo ya muziki. Mpiga piano Jeremy Denk alitoka Oberlin na piano pamoja na kemia. Mpiga fidla Jennifer Koh alisomea fasihi ya Kiingereza palepale kabla ya kwenda Curtis. Mifano hii huvutia, lakini msomaji ajue kwamba mpango huu humtaka mtu atumikie mabwana wawili, kila mmoja akidhani ndiye mwenye siku nzima.

Jambo jingine kuhusu Oberlin na Lawrence: wanafunzi wa konsavatori zao karibu wote ni wa shahada ya kwanza. Katika konsavatori kubwa za mijini wapo wa uzamili na uzamivu, na viti vya mbele vya okestra mara nyingi huwaendea wao.

Mtunzi

Hapa ndipo ushauri wa kawaida, ule wa kwamba konsavatori ni bora kwa kila mwanamuziki, unapoanza kuyumba, kwa sababu mtunzi hahitaji kile anachohitaji mpigaji. Mpigaji anahitaji saa. Mtunzi anahitaji mambo matatu: mwalimu wa kumsomea nota zake, wapigaji wa kuzitoa sauti, na kitu cha kuandika juu yake.

Tazama kinachotokea siku tungo inaposomwa kwa mara ya kwanza. Mwanafunzi ameandika dakika nne za muziki wa fidla mbili, viola na selo, na kompyuta imemchezea mara mia bila kosa. Sasa watu wanne wameketi mbele yake. Katika kipimo cha kumi na nne cha muziki mpiga viola anasimama, kwa sababu ukurasa unaisha katikati ya noti ndefu na hana mkono wa tatu wa kuugeuza. Mpiga selo anauliza kama ile F ni ya kawaida au imepandishwa, kwani alama iliwekwa katika sauti ya fidla na ikasahaulika katika yake. Mahali alipodhani pangelia kwa upole panazomea, maana aliziandika fidla mbili juu mno na kwa sauti ndogo kuliko mkono wa kawaida unavyoweza. Dakika ishirini za aibu hiyo zina faida kuliko mwezi mzima mbele ya skrini.

Swali la kulinganisha, basi, ni nani atakayeketi kwenye vile viti vinne na mara ngapi. Konsavatorini wapigaji ni hodari na ni wengi, lakini wana resaitali zao, yaani maonyesho yao wenyewe ya kupiga, na watunzi wanaowabembeleza nao ni wengi. Katika chuo cha sanaa huria watunzi wanaweza kuwa watatu tu katika mwaka mzima, na mwalimu anawajua kwa majina ya utani; vyuo vingi hualika vikundi vya kulipwa vije siku mbili tatu kusoma na kurekodi kazi za wanafunzi. Siku nyingine, hata hivyo, utategemea wapigaji wa wastani, na utajifunza kuandika kwa kiasi cha mikono uliyonayo. Mimi siioni hiyo kuwa hasara kubwa kwa mtunzi kijana. Aliyetunga kwa ajili ya kwaya ya parokia yenye wapiga besi wawili ameshaijua sanaa hiyo.

Kwenye chuo chenye konsavatori wapigaji hodari wapo na, kwa kuwa ni majirani wa bweni, wanapatikana. Oberlin ina pia idara ya muziki wa kielektroniki na teknolojia, na Bard mtunzi Joan Tower amefundisha kwa miaka mingi.

Nadharia nayo ina la kusemwa. Wengi wetu tuliofundishwa na kwaya tulijifunza kwa sol-fa: d, r, m, nukta na koloni, mistari minne ya herufi juu ya maneno ya wimbo. Ni mfumo wa heshima, na mtu anaweza kuandika nao sauti nne zinazopatana vizuri sana. Lakini konsavatori humpima mwombaji kwa nota za mistari mitano na humtarajia asome papo kwa papo. Chuo cha sanaa huria huwa na darasa la nadharia linaloanza mwanzo kabisa, na anayejua sol-fa vizuri huvuka haraka, kwa kuwa sikio lake limeshafunzwa na kilichobaki ni macho.

Kisha kuna suala la muziki usio wa Kizungu. Konsavatori ya kawaida imepangwa kwa ala za okestra, piano, sauti ya opera na pengine jazi. Mpiga ganuni, udi, zeze au nyatiti hatapata mwalimu wala kundi. Wesleyan, kinyume chake, imekuwa ikifundisha muziki wa dunia tangu miaka ya 1960, ikiwa na gamelan ya Java (kundi la ala za kugonga za shaba), ngoma za Afrika Magharibi na muziki wa Kusini mwa India, na palepale Alvin Lucier alifundisha utunzi wa majaribio kwa zaidi ya miaka arobaini. Mtu aliyekulia kwenye taarabu au ngoma za pwani, ambaye anataka kutunga kutokana na alichokulia, atakuta hapo watu wasioshangaa.

Mlango wa kuingilia

Chuo cha sanaa huria humkubali mtu kwa matokeo ya shule, insha na barua za walimu, na kwa kawaida hakina usaili wa muziki. Mwombaji huruhusiwa kuambatisha rekodi au tungo zake, ambazo husikilizwa na idara ya muziki, nayo huandika maoni. Si lazima utangaze mapema kwamba utasomea muziki, na ukibadili nia mwaka wa pili hakuna atakayekuuliza.

Konsavatori hufanya kinyume: usaili ndio mlango wenyewe. Kwanza hutumwa rekodi ya mchujo, mara nyingi mwanzoni mwa Desemba, na wanaopita huitwa kati ya Januari na Machi. Baadhi ya shule hukubali rekodi kwa walio mbali, nyingine hutaka ufike. Mtunzi hutakiwa jalada la tungo kadhaa zilizoandikwa kwa nota safi, pamoja na rekodi zake inapowezekana. Curtis ina wanafunzi takribani 150 tu, na nafasi hufunguka kulingana na ala zinazokosekana kwenye okestra yake, kwa hiyo mwaka mmoja kunaweza kusiwe na kiti kabisa kwa ala yako.

Kwenye chuo chenye konsavatori, anayetaka shahada mbili huomba pande zote mbili, na kila upande huamua peke yake. Inawezekana kukubaliwa na chuo na kukataliwa na konsavatori, au kinyume chake.

Kuhusu rekodi, nina neno moja la uzoefu. Nilipata kumsaidia kijana mmoja kurekodi piano katika ukumbi wa kanisa, siku ya Jumanne kwa kuwa tulidhani pangekuwa kimya. Jaribio la kwanza liliharibiwa na muuza ndizi, la pili na adhana, la tatu na jenereta la jirani umeme ulipokatika. Tulipata rekodi nzuri saa kumi na moja alfajiri ya siku ya pili, tukiwa na simu mbili juu ya viti vya plastiki, na piano ikiwa imeshapoteza sauti yake kidogo kwa joto la pwani. Asiyeishi kwetu hajui hili, na hakatazwi kuambiwa: mstari mmoja ndani ya ombi, unaoeleza ala na mazingira, unatosha.

Fedha na viza

Gharama ya mwaka mmoja, yaani karo, chumba na chakula, katika vyuo kama Oberlin na Bard imeshapita dola 80,000. Tarakimu hiyo ikufundishe tu kwamba bila ufadhili safari haipo, na ufadhili ndio unaozitenganisha njia hizi kuliko kigezo kingine chochote.

Vyuo tajiri vya sanaa huria hutoa msaada kwa kutazama uwezo wa familia. Amherst na Bowdoin humfikiria mwombaji wa nje bila kuangalia kama anaweza kulipa, kisha hufidia pengo lote kati ya gharama na uwezo wa familia. Swarthmore na Pomona huangalia uwezo kabla ya kumkubali mgeni, lakini wakimkubali humfidia kikamilifu. Berea ya Kentucky haimtozi mwanafunzi yeyote karo, na kila mmoja hufanya kazi chuoni. Konsavatori hutoa zaidi ufadhili wa kipaji, unaotegemea jinsi ulivyopiga na jinsi wanavyoihitaji ala yako, na mara nyingi hauzibi pengo lote. Curtis ni ya pekee, kwani haijatoza karo tangu 1928, ingawa chumba na chakula ni hesabu nyingine. Chuo chenye konsavatori huchanganya aina zote mbili za msaada. Anayewaza miaka mitano aulize kwa maandishi kama ufadhili unafika mwaka wa tano, kabla ya kukubali.

Viza ya mwanafunzi, ile ya F-1, ina mtego unaowanasa wanamuziki hasa. Wakati wa muhula unaruhusiwa kazi ya ndani ya chuo isiyozidi saa 20 kwa wiki, lakini kupiga harusini, kanisani au klabuni nje ya chuo kwa malipo, bila kibali, ni kuvunja masharti. Hakuna mwalimu atakayekukamata, lakini hali yako ya kisheria inaweza kupotea kwa ajili ya dola mia moja za Jumapili. Baada ya kuhitimu unaweza kuomba miezi 12 ya kufanya kazi katika fani yako. Walio na shahada ya sayansi, teknolojia, uhandisi au hisabati huweza kuongezewa miezi 24. Kwa hiyo anayeunganisha muziki na sayansi ya kompyuta ana muda ambao mwenye muziki peke yake hana.

Baada ya kuhitimu

Wenye BA ya muziki huendelea na uzamili wa utunzi, ualimu, uhandisi wa sauti, uongozi wa sanaa au kazi isiyohusiana na muziki kabisa. Stephen Sondheim, mtunzi wa michezo ya jukwaani yenye nyimbo, alihitimu Williams 1950 na ndipo akaenda kusoma utunzi na mtunzi Milton Babbitt. Chuo kidogo hakikumzuia. Wenye BMus huingia kwenye usaili wa uzamili na wa okestra wakiwa na mikono iliyokomaa, lakini wakibadili njia huanza nyuma. Wenye shahada mbili hupata milango miwili, kwa gharama ya mwaka mmoja zaidi.

Atakayerudi nyumbani akumbuke kwamba shahada ya nje hupelekwa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) kwa Tanzania, au kwa mamlaka husika ya Kenya, ili itambuliwe. Atunze nakala za matokeo ya kila muhula na maelezo ya masomo tangu mwaka wa kwanza.

Kulingana na hali yako

Ikiwa unapiga ala ya okestra au piano kwa kiwango cha juu, una mwalimu anayekuambia hivyo bila kukubembeleza, na usipopiga siku mbili unakosa raha, konsavatori au upande wa konsavatori wa chuo kama Oberlin ndio wa kutazamwa kwanza. Omba shule kadhaa, kwa kuwa nafasi za ala hubadilika kila mwaka.

Ikiwa wewe ni mtunzi uliyekulia kwenye kwaya, ukiandika kwa sol-fa, na familia haina uwezo, chuo cha sanaa huria chenye ufadhili kamili kinakufaa zaidi kuliko unavyodhani. Uzamili wa utunzi hukusubiri baadaye, ukiwa na jalada nono.

Ikiwa unaimba na hujui bado kama sauti yako ni ya opera, ya jazi au ya kwaya, St. Olaf au Lawrence zitakuwezesha kuanza bila kujifunga.

Ikiwa ala yako ni ganuni, marimba au ngoma, tazama Wesleyan na vyuo vinavyofanana nayo, na kabla ya kuomba mwandikie mkuu wa idara ukimuuliza nani atakufundisha.

Ikiwa wazazi wanataka udaktari na wewe unataka piano, shahada mbili huonekana kama suluhu ya familia. Huenda ikawa. Kabla ya kuichagua, andika ratiba ya juma moja la mwaka wa pili, lenye maabara ya kemia mara moja, saa nne za piano kila siku na mazoezi ya kundi jioni mbili, kisha mpe baba aisome pamoja nawe, naye mama ahesabu saa za kulala.